Wingu la Mwaka Juzi

Watu walimwita Mawingu, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, mahali ambapo halikumsumbua mtu. Alikuwa fundi wa picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye kiti cha kuzunguka, mapazia mawili, jeupe na la buluu, taa mbili za miguu mirefu, na mlango wa nyuma uliofungukia chumba alicholala peke yake tangu mkewe alipofariki. Nyuso za watu ndizo zilizomlisha: picha za pasipoti, za vyeti, za wanafunzi wanaohitimu, na za marehemu, ambazo hukuzwa kutoka kwenye vitambulisho vilivyofifia mpaka pua inabaki ya kukisia. Lakini moyo wake ulikuwa juu ya paa.

Paa lilikuwa la zege, na mtu alilifikia kwa ngazi ya chuma iliyoacha kutu viganjani. Kutoka pale ghuba yote ilionekana, kuanzia gati hadi mdomo wake. Hali ya hewa ya mji ule ilikuwa kigeugeu. Mtu alitoka nyumbani amevaa miwani ya jua, akarudi baada ya saa moja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Asubuhi anga liliweza kuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Kabla chai haijapoa, ukuta wa wingu ulikuwa umesimama mdomoni mwa ghuba, tumbo lake rangi ya risasi, huku upande wa pili jua likiendelea kuwaka kana kwamba halijapewa habari. Mawingu alizijua dalili zote. Upepo ukikatika ghafla, alimwacha mteja kitini na kidevu kimeinuliwa.

"Fundi, unaniacha hivi hivi?"

"Usitikisike, mama. Wewe nikirudi nitakukuta. Lile halinisubiri."

Kila picha ya anga aliyoitoa ilipata maandishi ya penseli nyuma yake: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na mahali aliposimama. Mwalimu wake wa chuo cha ufundi ndiye aliyemzoesha hivyo, naye hakuwahi kuacha hata mara moja kwa miaka ishirini na mbili. Picha hizo zilipangwa kwa miezi katika kabati la droo kumi na mbili. Wingu la Mawingu, watu walisema, halitiwi chumvi. Mteja akimwomba ampunguzie tumbo kwenye kompyuta, alijibu kwamba tumbo ni la mwenyewe, yeye nani alitoe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na studio ya pili, ya mtu aliyejulikana kama Bwana Machweo. Kila bibi harusi aliyepita mikononi mwake alitoka na machweo mgongoni, hata kama alipigwa picha saa sita mchana.

"Bibi harusi wako wa juzi," Mawingu alimwambia siku moja, "jua limemtulia kulia, na kivuli chake nacho kimelala kulia. Ana majua mangapi?"

"Mawili, kaka. Ndoa ni ya watu wawili, kila mtu aje na jua lake."

Mawingu alicheka, lakini jioni ile alikagua vivuli katika picha zake zote zilizokuwa dirishani, asije naye akachekwa.

Ndugu alikuwa na mmoja tu, mdogo wake, nahodha wa boti iliyovusha abiria kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Wazazi wao walikufa yeye Mawingu akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake saba. Akamvisha, akamsomesha, akamkemea, akamtafutia nafasi ya kwanza ya kufagia sitaha. Nahodha alikua mtu wa taratibu hadi kuudhi. Alikagua jaketi za kuokolea moja baada ya nyingine huku abiria wakimsonya. Chumbani mwake alikuwa na picha kumi na mbili za kaka yake, moja kwa kila mwezi, na alisema ndizo zilizomfundisha kusoma anga kuliko chuo cha mabaharia.

Mwaka ule boti ilipakwa rangi upya, na kampuni yenye boti ikataka picha yake kwa ajili ya kalenda. Mawingu alifika gatini mapema. Saa mbili kasoro dakika tano, nahodha alisimama mlangoni mwa chumba cha usukani, akainua mkono kuwaaga wa nchi kavu, na Mawingu akabonyeza. Ilikuwa picha nzuri ya boti. Anga, hata hivyo, lilikuwa tupu: hakuna wingu, hakuna hata uzi wa wingu, weupe tu wa jua la asubuhi. Kwenye kalenda lingeonekana kama karatasi iliyosahaulika kuchapwa.

Aliporudi studio alikaa mbele ya kompyuta, akaifungua picha ile. Kisha akafungua droo ya mwezi wa tano na kuchagua wingu la mwaka juzi, la tarehe kumi na nne, lililokuwa zuri kuliko yote aliyowahi kupata: jeusi, lenye kingo za fedha, limeinama juu ya ghuba kama mtu anayetaka kunong'ona. Akaliingiza kwenye kompyuta, akalibandika juu ya boti. Akavipunguza vivuli vya sitaha ili vikubaliane nalo, isipokuwa kimoja, kivuli cha mkono wa mdogo wake kwenye ukuta wa chumba cha usukani, kwa kuwa kilimpendeza. Na kwa kuwa aliona aibu, kazi ile aliihifadhi juu ya picha ya asili, jambo alilowakataza wengine maisha yake yote, akaifuta kadi ya kamera pia. Hakutaka ile tupu iwepo mahali popote ikimsuta.

Alipokuwa katikati ya kazi hiyo alisikia upepo umekatika. Baadaye kidogo akasikia mvua juu ya zege, nzito, ya kishindo. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili hakupanda ngazi. Alijiambia atapanda akimaliza.

Alichapa picha kubwa, akaitia kwenye fremu na kuiweka dirishani ili mtu wa kampuni aione adhuhuri. Akashika penseli kuandika nyuma, kisha akairudisha mfukoni. Hapo ndipo alipoona watu wanakimbia kuelekea gatini, wengine hawana viatu.

Dhoruba ilikuwa imeikuta boti mdomoni mwa ghuba, saa tatu kasoro robo, na kuigeuza. Walikufa watu sita. Nahodha alitolewa majini wa mwisho, akiwa hai, mikono imekakamaa kwenye kamba ya boya kiasi kwamba ilibidi waikate kamba.

Kesho yake mwandishi wa gazeti alisimama mbele ya dirisha la studio, na Bwana Machweo pembeni yake.

"Hii ni ya jana?"

"Ya jana," Mawingu alijibu. "Saa mbili kasoro dakika tano."

Akili yake ilikuwa hospitalini. Hata hivyo alijua kwamba kuna maneno mengine yanayopaswa kufuata. Aliyahisi yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimtazama mwandishi, kisha akamtazama Bwana Machweo, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa heshima huku akiliangalia wingu lile, na maneno yakashuka yalikotoka.

Gazeti liliitoa ukurasa wa mbele: boti, nahodha ameinua mkono, na juu yake wingu jeusi. Chini yake waliandika kwamba aliliona na bado akang'oa nanga. Kituo cha hali ya hewa kilikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa saa nzima kwa gari, na kule mvua ilinyesha tangu alfajiri. Daftari lake halikumsaidia mtu. Na watu waliokuwa gatini asubuhi ile, wakiulizwa, wote walikumbuka wingu. Mkata tiketi alikumbuka hata baridi yake. Hawakuwa waongo. Walikuwa wamelitazama gazeti siku nyingi kuliko walivyolitazama anga.

Tume ya uchunguzi ikapangiwa kukaa Jumatatu. Jumamosi alasiri, mke wa nahodha aliingia studio bila hodi na kufunga mlango nyuma yake.

"Shemeji," alisema, "siku ile mimi nilianika godoro."

Mawingu aliendelea kupanga kadi za posta za kuuza dirishani.

"Mtoto alikuwa amelikojolea. Saa mbili kasoro nililitoa uani, nikalilaza juu ya viti viwili, likapigwa na jua. Mimi si msomi wa mawingu, lakini mwenye akili zake haaniki godoro chini ya kitu kama kile."

"Wingu huja haraka, shemeji. Unaujua mji huu."

"Naujua. Na wewe nakujua. Nyuma ya kila picha unaandika saa na upepo. Za chumbani kwetu nimezipangusa vumbi miaka tisa, nazijua kwa moyo. Nyuma ya hii umeandika nini?"

Kabla hajamzuia alikuwa ameishusha fremu kutoka dirishani, amefungua vibanio vinne, ameitoa picha na kuigeuza. Alitazama ule weupe. Akapitisha kidole juu yake, kana kwamba maandishi huenda yamefifia tu.

"Ni la lini?" aliuliza.

"La mwaka juzi. Mwezi wa tano."

Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, nacho kikamzungusha kidogo, akajizuia kwa mguu. Mawingu alitegemea kupigwa. Angeshukuru.

"Kwa ajili ya kalenda," shemeji alisema.

"Kwa ajili ya kalenda."

"Anaamka anatetemeka. Ameanza kuniuliza kama nakumbuka kulikuwa na baridi." Alisimama. "Kesho unakuja kula kwetu kama kawaida. Mwambie kwa mdomo wako. Mimi simwambii, atadhani namfariji. Na Jumatatu utawaambia wale."

"Nitamwambia."

"Usiniitikie kama mteja, shemeji."

Jumapili walikula uani. Godoro lilikuwepo, limeegemezwa ukutani. Nahodha alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi ilimzunguka. Mkewe alipoingia ndani makusudi na kuwaacha wawili, yeye ndiye aliyeanza.

"Kaka, lile wingu lilikuwa limetokea upande gani?"

Mawingu alimega tonge, akalishika mkononi.

"Nimejaribu kulikumbuka hospitali siku zote," nahodha aliendelea. "Mwanzoni sikulipata. Nikasema, mbona mimi nakumbuka jua? Nakumbuka nimefinya macho. Halafu likaja lenyewe. Sasa nikifumba macho naliona lote, kingo zake na kila kitu. Nadhani nililiona, nikajidanganya litapita. Watu sita, kaka. Kesho nitawaambia nililiona. Nitasimamaje niseme sikuliona, na wewe uliliona ukalipiga picha?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi, pana kama mlango wa ghala. Mawingu alimtazama mtoto aliyemvisha viatu vya kwanza. Aliona jinsi uso ule ungebadilika, si kwa huzuni, ambayo ilikuwapo tayari, bali kwa jambo jingine ambalo halikuwahi kuwa kati yao.

"Kula," alisema. "Hujala chochote."

Nahodha aliinamisha kichwa, machozi yakaangukia sahani. Mkewe alipotoka na birika la maji ya kunawa, akaona macho ya mumewe mekundu na ya shemeji yake yametazama chini, akaamini neno limesemwa. Hakuuliza. Alimmiminia Mawingu maji mikononi polepole, kwa heshima, na maji yale yalimuunguza ingawa yalikuwa baridi.

Tume ilikaa katika ukumbi wa bandari, chini ya feni nne ambazo moja tu ilizunguka. Mawingu alikuja na picha mbili kwenye bahasha ya kaki: ile ya dirishani, na ile ya mwezi wa tano yenye maandishi yake nyuma. Alikuwa amepiga moyo konde. Alidhani ataitwa kwanza, kwa kuwa picha ndiyo ilikuwa kiini cha shauri.

Aliitwa nahodha.

"Uliliona wingu hili kabla ya kuondoka?" mwenyekiti aliuliza, akiinua gazeti.

"Nililiona."

Mke wa nahodha aligeuka kitini. Hakumtazama mumewe, alimtafuta Mawingu kati ya vichwa vyote vile mpaka akampata. Mawingu hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, kabla wala baadaye.

Alipoitwa, alisema yote. Alisema kuhusu anga tupu, kalenda, droo, na jinsi alivyoifuta ile ya asili. Aliziweka picha mbili mezani kandokando, wingu moja, kingo zilezile. Wakili wa kampuni alisimama bila haraka.

"Wewe ni nani wa nahodha?"

"Kaka yake. Nimemlea."

"Umemlea. Na hii ya pili, tarehe yake imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa penseli."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo jana ungeweza kuichapa upya picha hiihii bila boti, ukaandika tarehe unayoipenda."

"Ningeweza. Sikufanya. Mheshimiwa, tazama ukuta wa chumba cha usukani. Kuna kivuli cha mkono wake. Chini ya wingu kama lile kivuli hakiwi kikali namna hiyo. Jua lilikuwa linampiga."

Wakili alitabasamu, akachomoa kutoka kwenye faili lake kadi tatu za posta, zote za Mawingu, zilizonunuliwa dirishani kwake. Katika kila moja wingu jeusi lilisimama upande mmoja na jua likawaka upande mwingine.

"Hizi umezibandika?"

"Hapana. Hizo ni za kweli."

"Kwa hiyo mjini hapa wingu jeusi na jua hukaa pamoja."

Mawingu alizitazama kadi zake mwenyewe. Ndilo jambo alilowaonyesha watu kwa miaka ishirini na mbili.

Mwenyekiti akauliza kama yupo mtu anayeijua kazi ya fundi huyu. Bwana Machweo alisimama safu ya nyuma, amevaa koti la harusi za watu, na kwa moyo mweupe kabisa akasema, "Mheshimiwa, Mawingu habandiki. Anayebandika ni mimi. Huyu hata tumbo la mtu hapunguzi. Akisema leo amebandika, ni ndugu tu anamlilia ndugu yake, na mimi simlaumu."

Watu wengine walicheka kidogo. Wengine walifuta macho. Mwenyekiti alimshukuru Mawingu kwa upole, akasema maelezo yake yatawekwa kwenye kumbukumbu kama maelezo ya jamaa, na kwamba nahodha mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu, amekwisha kukiri. Mke wa nahodha alipopewa nafasi alieleza habari za godoro. Hazikuandikwa.

Leseni ilifutwa, na jalada likapelekwa kwa waendesha mashtaka.

Wiki tatu baadaye nahodha aliingia studio, mkewe nyuma yake. Fomu ya dhamana ilitaka picha mbili ndogo. Tangu siku ya tume, shemeji hakuwa amemsemesha Mawingu. Alisimama karibu na mlango, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili.

Dirishani hapakuwa na kitu. Mawingu alikuwa ameziondoa zote.

Nahodha alikaa kwenye kiti cha kuzunguka. "Pazia gani, kaka?"

"Jeupe."

Aligeuka akalitazama lile pazia jeupe kwa muda, kuanzia juu hadi chini.

"Asubuhi ile anga lilikuwa hivi?"

"Hivi hivi. Tupu. Ulifinya macho kwa sababu ya jua. Kumbukumbu yako ya kwanza ndiyo ya kweli, mdogo wangu. Hiyo nyingine ni ya kwangu, niliitia mimi."

Nahodha aliweka mkono wake juu ya mkono wa kaka yake, uliokuwa ukirekebisha kola.

"Ulinilea," alisema, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwenzake. "Najua ungesema lolote kuniokoa. Hata kujiharibia jina. Sitakusahaulia hilo. Lakini mimi naliona, kaka. Hata sasa hivi, hapo nyuma yako."

Mawingu alirudi kwenye kamera. "Inua kidevu," alisema. "Usitikisike."

Alizichapa picha mbili, akazikata kwa kisu cha chuma, akazigeuza juu ya meza. Mkono ulimwendea mfukoni wenyewe ukatoa penseli. Alikuwa ameshaandika tarehe nyuma ya ile ya kwanza, na saa, na alikuwa anafikiria upepo, shemeji alipozungumza naye kwa mara ya kwanza.

"Nyuma pasiandikwe kitu, shemeji. Wanazikataa."

Alitafuta kifutio. Alifuta taratibu, asije akakwaruza karatasi, akapuliza vumbi lake, akampa zote mbili zikiwa safi.